Muhtasari wa Kikao Kilichopita

Ndani ya mtoto wa meza yangu, chini ya miwani ya zamani na mihuri miwili isiyotumika tena, ipo diski moja ya rangi ya fedha iliyofifia. Mke wangu amekwisha kuniuliza mara nyingi kwa nini siitupi, maana nyumba hii haina tena kompyuta yenye mlango wa kuisomea. Huwa namjibu kwamba ni kumbukumbu ya shule. Jibu hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo nitakayoieleza hapa, pamoja na historia ya chombo chenyewe, kwa kuwa sikuijua historia hiyo mpaka madhara yalipokwisha kutokea.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulikuwa na mkufunzi mmoja mkali aliyetufundisha utunzaji wa kumbukumbu za shule. Somo lilikuwa kavu kama makapi, na wengi wetu tulisinzia. Lakini kanuni yake moja hakuna aliyeisahau. Rejista huandikwa kwa wino. Ukikosea, usikwangue kwa wembe wala usipake wino juu ya kosa. Piga mstari mmoja mwekundu, andika lililo sahihi kando, kisha utie sahihi yako na tarehe. Lililokatwa sharti liendelee kusomeka. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini tuhifadhi makosa, naye akajibu kwamba huenda siku moja ikagundulika kuwa kosa ni lile la pili. Tulicheka. Mimi nilicheka pamoja na wengine, na nikaishika kanuni hiyo miaka thelathini, hadi nilipokutana na diski.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shule niliyokuwa nikiiongoza ilikuwa na madaftari, tena makubwa, yenye majalada ya nguo: rejista za uandikishaji tangu mwaka 1965. Kila mwanafunzi alikuwa na mstari wake mmoja: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la mzazi, kijiji, tarehe ya kuingia na tarehe ya kuondoka. Tatizo lilikuwa stoo. Paa lilivuja, na mchwa wakafuata unyevu. Mwaka 2003 nilifungua rejista ya kwanza nikakuta kurasa zimeshikana kama mkate uliolowa. Nikaamua majina yote yapigwe katika kompyuta kabla hayajaliwa.

Shule ilikuwa na kompyuta moja. Tulikuwa pia na mwalimu kijana wa hisabati aliyeifahamu, na katibu muhtasi ambaye vidole vyake havikujua kuchoka. Mwalimu huyo alinishauri ninunue CD tatu za kawaida, zile zinazoandikwa mara moja tu, tuchome nakala tatu na kuziweka mahali patatu. Mimi nikaona ni ubadhirifu. Dukani niliambiwa kuna diski nyingine, ghali zaidi, inayofutika na kuandikwa tena hata mara elfu moja. Kwa mtu aliyezoea kugawa chaki kwa hesabu, habari hiyo ilikuwa tamu mno. Nikanunua moja.

Sasa niruhusu, msomaji, niiache shule kidogo nieleze chombo hiki kilikotoka, maana bila hivyo utadhani nasimulia uchawi.

Vipimo vya CD viliafikiwa mwaka 1980 na kampuni mbili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, na mwaka 1982 diski hizo zikaanza kuuzwa kwa ajili ya muziki. Kipenyo chake ni sentimita 12. Juu yake hakuna miduara mingi kama inavyodhaniwa, bali njia moja tu iliyojizungusha kama gamba la konokono, na ukiinyoosha inapita kilometa tano. Aliyewahi kutumia santuri atakumbuka kwamba sindano ya gramafoni huanzia ukingoni ikielekea katikati. CD hufanya kinyume: huanzia ndani, huishia nje. Naomba jambo hilo likae akilini, kwani litarudi.

CD za mwanzo zilipigwa chapa kiwandani kama vitabu. Uliweza kusoma, hukuweza kuandika. Mwaka 1988 kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani ikatoa diski yenye tabaka la rangi ambalo mwali wa leza huliunguza mahali padogo padogo, na alama hizo zikasomeka kama vishimo vya kiwandani. Hapo ndipo lilipozaliwa neno tunalolitumia hata sisi, kuchoma CD. Vipimo vya diski hizo vilichapishwa mwaka 1990 katika kitabu ambacho wenyewe walikiita Kitabu cha Chungwa, kwa kufuata rangi ya jalada lake.

Shida ilikuwa kwamba diski ilitakiwa kujazwa kwa mkupuo mmoja, kisha ikafungwa. Nani mwenye megabaiti 650 za maneno kwa siku moja? Msukumo mkubwa wa kutafuta njia nyingine ulitoka kwa wapiga picha. Kampuni ya Kodak, ya mji wa Rochester nchini Marekani, ilitangaza mwaka 1990 na kuingiza sokoni mwaka 1992 huduma ya kuweka picha za filamu katika CD. Diski moja ilichukua picha kama 100, lakini mkanda wa filamu ulikuwa na picha 24 au 36. Mteja angepeleka mkanda wa harusi mwezi huu na wa ubatizo mwaka ujao, naye alitaka zote zikae pamoja. Basi ikabidi diski iweze kuongezwa. Kila nyongeza ikaitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo kwa Kiswahili ni kikao.

Nimekaa katika vikao vingi maishani, na nakiri kwamba jina hilo limepatia. Kikao cha diski hufunguliwa, huandikwa, kisha hufungwa. Mwanzoni huwekwa eneo lenye orodha ya yaliyomo, na mwishoni huwekwa eneo tupu la kutangaza kwamba mambo yamekwisha. Maeneo hayo hula nafasi kwelikweli. Ukifunga kikao cha kwanza na kufungua cha pili, unapoteza megabaiti zipatazo 22, na kila kikao kinachofuata hugharimu kama 13 kabla hujaandika hata herufi moja. Rejista yetu ya miaka minane haikufika megabaiti moja. Yaani kifuniko kilikuwa kizito kuliko chungu. Hilo halikunisumbua, kwa sababu diski ilikuwa kubwa na sisi tulikuwa wachache.

Kilichopaswa kunisumbua ni hiki. Kompyuta ikiingiziwa diski ya vikao vingi, huenda moja kwa moja kwenye kikao cha mwisho na kusoma orodha yake. Basi. Ili faili za vikao vya nyuma zionekane, kikao kipya lazima kizichukue katika orodha yake na kuonyesha mahali zilipo. Zenyewe haziandikwi upya, zinatajwa tu. Wakuu wa shule wenzangu watanielewa nikisema ni sawasawa na agenda ile ya kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Mwandishi akiiruka agenda hiyo, kikao kipya kitaendelea vizuri tu, kana kwamba hapajawahi kuwa na kikao kingine. Mashine za muziki, kwa upande wao, husoma kikao cha kwanza na kuishia hapo. Mwaka 1995 vilitolewa hata vipimo vya diski zilizotumia upofu huo kwa makusudi: nyimbo ziliwekwa kikao cha kwanza, maandishi na picha za kompyuta kikao cha pili, na kila mashine ikaona cha kwake. Nimewahi kuwaona wazee na vijana katika baraza moja wakifanya vivyo hivyo, lakini hayo tuyaache.

Ilibaki kufuta. Hapa kuna mtu ambaye kila nikimsoma humpenda zaidi. Stanford Ovshinsky alizaliwa mwaka 1922 huko Akron, Ohio, mtoto wa mhamiaji aliyekusanya vyuma chakavu. Alijifunza ufundi wa mashine, hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1968 alichapisha katika jarida la wanafizikia ugunduzi kwamba baadhi ya mata zinaweza kuhama kutoka hali ya mpangilio kwenda hali ya vurugu na kurudi tena. Miongoni mwa wasomi walikuwapo waliomdharau. Lakini wazo lake likawa mojawapo ya misingi ya diski zinazofutika. Diski ya CD-RW, iliyoingia sokoni mwaka 1997, ina tabaka jembamba la mchanganyiko wa fedha, indiamu, antimoni na teluri. Leza kali hulipasha doa dogo joto la zaidi ya nyuzi 500 likayeyuka, nalo likipoa ghafla hubaki katika vurugu na haling'ai. Leza ya wastani hulipasha kiasi cha nyuzi 200, likajipanga upya na kung'aa. Kwa hiyo neno letu la kuchoma si la mafumbo hata kidogo. Kabla ya kuuzwa, diski hiyo iliitwa kwanza kwa jina lenye maana ya diski inayofutika, baadaye wakalibadili ikawa diski inayoandikwa tena. Nadhani jina la kwanza lingeniamsha. La pili lilinibembeleza.

Turudi shuleni. Kikao cha kwanza tulikichoma mwaka 2003, majina ya mwaka 1965 hadi 1972. Mwalimu kijana alisimama kando ya mashine kama mkunga, akiwazuia watu wasiguse swichi, kwani umeme ukikatika katikati ya kuchoma kazi yote huharibika. Kikao cha pili kilichukua 1973 hadi 1984, na cha tatu 1985 hadi 2002. Kila mara alihakikisha vikao vya nyuma vimetajwa. Tulipofungua diski tuliona folda tatu zimejipanga, na mimi nikamwita makamu wangu aje kuona. Kisha nikafanya jambo ambalo mkufunzi wangu asingenisamehe. Rejista zile zilizooza, zilizokuwa zikitoa harufu na kueneza mchwa, niliamuru zichomwe moto nyuma ya jiko. Kwa hiyo tulichoma mara mbili, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Mwaka 2004 mwalimu yule alihamishiwa mkoa mwingine. Mwaka huohuo umeme wa kupanda na kushuka uliiua kompyuta yetu. Hatukushtuka, diski si ipo?

Mwaka 2005 tulipata kompyuta nyingine ya msaada, yenye programu tofauti ya kuchomea. Siku hiyo wakaguzi walitarajiwa kesho yake, nami nilitaka matokeo ya mitihani yawe katika diski ileile, pamoja na rejista. Tulikuwa wawili ofisini, mimi na katibu muhtasi. Skrini ikauliza jambo kwa Kiingereza kuhusu kikao kilichotangulia. Katibu akanigeukia: "Mkuu, tujibu nini?" Nikamwambia abonyeze tu, tuendelee. Mashine ikavuma, ikamaliza, ikatoa diski. Tulipoirudisha ndani tukakuta folda moja tu, ya matokeo. Rejista hazikuwapo.

Msomaji ambaye hajawahi kuongoza ofisi hatajua jinsi tumbo linavyoshuka wakati kama huo. Tuliitoa diski, tukaifuta kwa leso, tukairudisha. Ni ileile folda moja. Nikahitimisha kwamba mashine imeandika juu ya majina na kuyaharibu. Nilikumbuka pia kwamba mwalimu kijana aliwahi kuweka nakala katika diski laini sita, naye alikuwa amezichukua. Basi nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua: "Futa yote, tuanze upya. Majina tutayapata kwa mwalimu." Katibu alisita. "Yote, Mkuu?" Nikasema yote. Ilichukua muda usiofika dakika moja. Tukachoma tena matokeo, safari hii katika diski tupu, na wakaguzi wakayakuta.

Diski laini zilipofika kwa basi, wiki tatu baadaye, nne zilikuwa zimeota ukungu na hazikusomeka. Zilizobaki zilikuwa na sehemu ya tatu, yaani 1985 hadi 2002. Miaka ishirini ya kwanza ya shule haikuwa popote tena. Nililitaja jambo hilo katika kikao cha bodi, nikasema ni hitilafu ya kompyuta. Muhtasari uliandikwa hivyo na mimi nikautia sahihi.

Mwaka 2007 alikuja mtu mmoja mzee, au tuseme mtu ambaye ofisi yake ilisema ni mzee. Alinisalimia shikamoo kabla sijaamua nani kati yetu amzidi mwenzake, na labda hilo peke yake lingetosha kuwa ushahidi. Aliingia kidato cha kwanza shuleni kwetu mwaka 1967. Katika jalada lake kazini mwaka wa kuzaliwa ulikuwa umeandikwa 1947, naye alisema alizaliwa 1952. Tofauti ya tarakimu mbili tu, 47 na 52, na karani mmoja mwenye mwandiko mbaya. Lakini kwa hesabu ya kwanza alitakiwa kustaafu mwaka huohuo akiwa na miaka 60, na kwa hesabu ya pili alikuwa na miaka mitano mbele yake. Alikuwa na watoto wawili shule za kulipia. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, kama wengi wa rika lake. Cheti cha kumaliza shule kilikuwapo, ila hakikutaja umri. Ofisi yake ilimwambia: leta nukuu ya rejista ya shule, iliyogongwa muhuri, ndiyo tutakayoiamini.

Nilikaa kimya. Mihuri yote miwili ilikuwa mezani.

Mimi nilifika shule hiyo katika miaka ya 1990, sikumfahamu. Kuandika 1952 kwa neno lake tu ingekuwa kughushi, na kuandika kwamba sina kumbukumbu ingekuwa kumhukumu. Niliandika la pili. Barua ilisema kwamba rejista ya miaka hiyo ilipotea kutokana na hitilafu ya kompyuta. Aliisoma palepale, akaikunja mara nne, akasema, "Ahsante, Mwalimu." Nilisikia baadaye kwamba alistaafishwa mwaka ule.

Nilistaafu mwenyewe mwaka 2010. Miaka miwili baadaye mpwa wangu, fundi wa kompyuta Dar es Salaam, alikuja kutusalimu, nami katika mazungumzo ya jioni nikamsimulia kisa cha diski iliyoandika juu ya mambo yake yenyewe. Akanikatiza kwa adabu. "Mjomba, haikuandika juu. Kikao cha nne kiliandikwa mbele ya vile vitatu, kuelekea nje. Vile vitatu vilikuwapo. Havikutajwa tu." Alikuwa na programu inayoorodhesha kila kikao kilichomo katika diski, kilichotajwa na kisichotajwa. Akanionyesha kwa diski yake mwenyewe yenye picha za harusi: orodha ya kawaida ilionyesha picha chache, na ile programu ikatoa vikao vitano, kimoja baada ya kingine. Angekuwa ofisini kwangu siku ile ya mwaka 2005, kabla sijasema futa, kazi ingechukua robo saa.

Nilinyamaza muda mrefu, kisha nikaenda kuchukua diski yangu. Aliielekeza kwenye taa. Alieleza kwamba ufutaji tuliofanya ulikuwa ule wa haraka, usiogusa diski nzima. Hufuta orodha za mwanzo tu na kuyaacha mengine yalivyo hadi yaandikwe juu. Kuna ufutaji kamili wa dakika nyingi, lakini sisi hatukuuchagua. Alinionyesha karibu na tundu la katikati utepe mwembamba wenye kivuli tofauti kidogo, na nje yake tepe nyingine hafifu zaidi. Huu wa ndani, akasema, ni matokeo mliyoyachoma upya. Hizi za nje huenda ni vikao vyenu vya zamani, ila mashine ya kawaida haikubali kusoma kupita pale ilipoambiwa mambo yamekwisha.

Nikamwuliza, na cha kwanza? Cha mwaka 1965 hadi 1972?

"Cha kwanza kilikuwa ndani kabisa, Mjomba. Ndipo mlipoandika."

CD huanzia ndani. Matokeo yale ya mitihani, ambayo nakala yake ilikuwapo pia katika karatasi kwenye ubao wa matangazo, yalikaa mahali hasa palipokuwa na mtu wa mwaka 1967.

Kesho yake niliomba namba ya simu ya mtu huyo kwa wanakijiji wenzake, nikampigia. Nilimweleza kwamba haikuwa hitilafu ya kompyuta, na nikamweleza ilikuwa nini. Simu ilikaa kimya hata nikadhani imekatika. Kisha akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu, nami nikamwuliza za kwake. Watoto walimaliza shule, mmoja kwa kuchelewa. Kabla ya kuagana nilimwomba anitajie tena jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji, na mwaka wa kuzaliwa.

Nililiandika kwa wino katika daftari jipya lenye jalada gumu, mstari wa kwanza: mwaka wa kuzaliwa 1952, kwa maelezo yake mwenyewe. Nikatia sahihi na tarehe. Tangu hapo nimekuwa nikiwatafuta wengine wa miaka ile, kwa simu, misibani na harusini. Nimefikisha majina 214. Wawili kati yao walinipa mwaka tofauti na ule walionipa mara ya kwanza, nami nikapiga mstari mmoja mwekundu.